Mama amelipwa shilingi 88 kwa kilo. Zilizobaki ziko wapi?

Swali hili limetoka kwa msomaji wa Kasarani, Nairobi:

"Mama yangu ana miti 420 ya kahawa kule Mathira, Nyeri. Mingi ni ya aina ya SL28 aliyoipanda marehemu baba. Msimu uliopita alipeleka kiwandani kilo 1,260. Chama kimemlipa shilingi 88 kwa kilo, na baada ya kutoa pesa za vibarua, mbolea na dawa amebaki na kama shilingi 47,000 kwa mwaka mzima. Mimi hapa mjini nanunua kikombe kimoja kwa shilingi 350. Redio nayo ilisema gunia limefika dola 350 mnadani. Nani anakula pesa za mama? Ndugu zangu wanataka tung'oe tupande parachichi, au tuuze kipande tujenge nyumba za kupangisha. Wewe ungefanya nini?"

Dada, swali lako nimelisoma mara mbili, na mara ya pili nilishika kalamu. Umenipa hesabu, jambo ambalo wengi hawalifanyi, kwa hiyo nami nitakujibu kwa hesabu.

Tuanze na kikombe, maana ndicho kinachouma. Kapuchino yenye kipimo maradufu hutumia kama gramu 18 za kahawa iliyokaangwa. Kahawa ikikaangwa hupungua uzito kwa karibu sehemu moja ya sita, kwa hiyo gramu hizo 18 zilikuwa gramu 21 hivi za kahawa safi, ile ya kijani inayotoka kinuni, kule inakokobolewa. Na ili zipatikane hizo 21, mama alichuma kama gramu 150 za kahawa mbivu. Kwa bei yake ya shilingi 88 kwa kilo, ni shilingi 13. Kumi na tatu katika 350. Najua inachoma roho, ila hizo nyingine ni maziwa, kodi ya jengo, umeme, mshahara wa kijana aliyekuhudumia, ushuru, kazi ya mkaangaji na faida ya mwenye mkahawa. Hazikuwahi kuwa za mama. Pesa zake halisi, zile ambazo akizidai zinaweza kurudi nyumbani, hupotelea mahali pawili: kati ya mti na mizani ya kiwanda, halafu kati ya mizani na mnada. Huko ndiko nitakakokaa.

Sasa hiyo bei ya redio. Mnada wa Kahawa wa Nairobi uko Wakulima House, Barabara ya Haile Selassie, na siku yake ni Jumanne. Kahawa huuzwa kwa dola za Marekani kwa gunia la kilo 50. Kabla ya siku ya mnada wanunuzi hupelekewa sampuli. Wanazikaanga, wanazionja kwa kijiko, wanaandika alama zao, kisha siku ikifika wanashindana kwa bei. Vyombo vya habari vikitoka hapo hubeba bei moja, ya juu kabisa, ambayo mara nyingi ni ya AA ya kiwanda kimoja kilichofanya vizuri.

Kahawa ya chama chenu haiuzwi yote kama AA. Kinuni hupitishwa kwenye chekecheke na kugawanywa kwa ukubwa na uzito wa punje. AA ndizo kubwa. AB huwa ndilo fungu kubwa kwa viwanda vingi. PB ni zile za mviringo, punje moja katika tunda badala ya mbili. Kisha kuna C, halafu TT na T ambazo ni nyepesi au zilizovunjika, na mwisho mbuni, yaani kahawa iliyokaukia ndani ya ganda lake, inayouzwa kwa bei ya chini sana. Mafungu haya yote yakishauzwa, kila moja kwa bei yake, ndipo wastani wa chama unapatikana. Mtu akimwambia mama gunia limeuzwa kwa dola 350, swali la kumrudishia ni: daraja gani, na magunia mangapi?

Tuseme, kwa ajili ya hesabu yetu, mafungu yote yakijumlishwa, na kinu na wakala wakishachukua ada zao, chama kimebaki na wastani wa dola 300 kwa gunia. Kwa shilingi 129 kwa dola hiyo ni 38,700, au shilingi 774 kwa kilo ya kahawa safi. Mama yako anaona 774 juu na 88 chini, anaita huo wizi. Lakini hizo ni kilo za vitu viwili tofauti. Kahawa mbivu ina ganda, utelezi na maji mengi. Ikimenywa, ikachachuliwa, ikaoshwa na kukaushwa, inabaki pachimenti, yaani punje iliyo bado ndani ya ganda lake jembamba. Pachimenti ikikobolewa kinuni hupoteza tena karibu sehemu moja ya tano. Mwisho wa safari kilo sita na nusu hadi saba za kahawa mbivu huzaa kilo moja tu safi.

Sasa chukua kalkuleta. Kama kiwanda chenu kilitumia kilo 7, basi 774 ukigawanya kwa 7 unapata karibu 110 na nusu. Kanuni inayotajwa kila mara katika vyama vya kahawa ni ya 80 kwa 20: themanini kwa mkulima, ishirini kwa gharama za chama na kiwanda. Asilimia 80 ya 110 na nusu ni shilingi 88. Ndiyo 88 ya mama.

Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba chama kimemlipa kwa mujibu wa kanuni. Lakini tazama kinachotokea kiwanda kikitumia kilo 6.5 badala ya 7. Kilo zile zile 1,260, kwa bei ile ile ya gunia, zingemletea mama shilingi 95 kwa kilo, kama 8,500 zaidi mfukoni. Kwa mtu mmoja ni karo ya muda mfupi. Kwa kiwanda kinachopokea kilo milioni moja, nusu kilo hiyo ni magunia kama 220 ya kahawa safi, zaidi ya shilingi milioni 8. Hakuna karani aliyeshikwa mkono kwenye sefu, hakuna hundi iliyoghushiwa, na bado pesa hazipo.

Kwa miaka mingi nimekaa kwenye mikutano mikuu ya vyama hivi, na nakwambia kwa uchungu: watu hugombana kuhusu posho ya mwenyekiti, kuhusu gari, kuhusu chai ya wajumbe, wakamaliza siku nzima. Hiyo nusu kilo haitajwi. Ndiyo namba ambayo ningependa kila mkulima aidai kwa sauti: msimu huu, kilo ngapi za kahawa mbivu zimetoa kilo moja safi, na mwaka jana zilikuwa ngapi?

Uwiano huo ukiharibika kuna sababu, na nyingine si za mtu. Mvua ikikatika punje zinapojaa, zinakuwa nyepesi. Chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, ikishambulia, tunda huoza au hubaki kapi. Nyingine zinaanzia shambani: kahawa mbichi ikichanganywa na mbivu kwa sababu kibarua analipwa kwa debe na ana haraka ya kujaza, au ile iliyokauka mtini ikitiwa humo humo. Nyingine ni za kiwandani, kama mashine ya kumenyea isiyorekebishwa, inayokata punje, au kahawa iliyofika jioni ikalala hadi kesho yake bila kumenywa. Na nyingine, niseme wazi, ni wizi: mizani inayokula nusu kilo kwa kila mkulima, au magunia ya pachimenti yanayotoka ghalani usiku. Babangu mwenyewe alikuwa mwanachama wa chama ambacho pachimenti iliyopokelewa kinuni haikuwahi kulingana na iliyopakiwa kiwandani. Miaka mitatu waliambiwa ni unyevu. Kahawa iliyokaushwa vizuri ina unyevu wa karibu asilimia 11, na haiwezi kupungua njiani kwa magunia mazima.

Ndiyo maana mama ahifadhi kila risiti ya kiwandani. Anunue mzani wa kuning'iniza, apime nyumbani kabla ya kutoka, aandike. Na siku ya mkutano, chama kionyeshe karatasi tatu zikiwa zimewekwa sambamba: jumla ya kahawa mbivu iliyopokelewa, uzito wa pachimenti uliopokelewa kinuni, na taarifa ya mauzo ya mnada yenye madaraja na bei. Mwanachama ana haki ya kuziona. Chama kinachozificha kina jambo.

Kuhusu makato: asilimia 20 ni ukomo, haikuwekwa kama shabaha. Chama chenye deni la zamani la benki, au chenye kiwanda kinachopokea kahawa kidogo mno kwa wafanyakazi kilionao, kitaimaliza yote na bado kilalamike. Mle ndani pia huwa na mikopo ya mama mwenyewe, mbolea aliyochukua kwa kahawa, dawa, labda karo. Hiyo itenganishwe kwenye hesabu yako, maana hiyo alishaila.

Njia ya pesa yenyewe imebadilika kidogo, na hili nalifurahia. Zamani Bodi ya Kahawa ndiyo iliyouza kila kitu. Sheria ya 2001 ikafungua soko, na 2006 likaruhusiwa dirisha la pili, la kuuza moja kwa moja kwa mnunuzi wa nje kwa mkataba. Lakini kwa muda mrefu kampuni zile zile zilikoboa, zikauza, na kampuni ndugu zao zikanunua. Kanuni za 2019 na 2020 zikalenga kuwatenganisha, na sasa wanaouza mnadani ni mawakala wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Vyama vikuu vya kaunti kadhaa vimechukua leseni zao wenyewe. Tangu 2023 malipo ya mnada hupitia mfumo wa malipo ya moja kwa moja unaoendeshwa na Co-operative Bank, ambapo kinu, wakala na wakulima hugawiwa kila mmoja fungu lake, badala ya pesa yote kulala kwanza kwa wakala. Hakikisha jina la mama, namba ya kitambulisho na akaunti yake vimeandikwa sawa kwenye daftari la chama. Nimeona malipo yakikwama miezi kwa herufi moja ya jina.

Kinachobaki kuwa kidonda ni muda. Msimu mkubwa wa Nyeri ni Oktoba hadi Desemba. Kahawa iliyochumwa Novemba inakaushwa wiki mbili tatu, inakwenda kinuni, inasubiri zamu ya mnada, na mkulima anaweza kulipwa katikati ya mwaka unaofuata. Karo za Januari hazingoji. Ndipo anapotokea mtu na pikipiki jioni, anataka kahawa mbivu kwa pesa taslimu, kwa bei ya kutupa. Biashara hiyo ni haramu, na pia ndiyo inayonunua kahawa iliyoibwa kwa jirani. Kama mama anabanwa Januari, aulize chama kuhusu malipo ya awali ya mfuko wa kahawa unaopitia New KPCU, shirika la umma la kahawa. Ni mkopo wa riba ndogo unaokatwa kahawa ikiuzwa. Ila nyinyi watoto mkimchangia karo ya miezi hiyo mtakuwa mmemsaidia kuliko mfuko wowote.

Sasa turudi shambani, maana hapa ndipo penye pesa nyingi kuliko kote nilikopita.

Miti 420, kilo 1,260. Ni kilo tatu kwa mti. Usimlaumu mama, kilo mbili tatu ndizo za wakulima wengi wadogo nchini. Lakini mti wa SL28 unaotunzwa hubeba kilo nane bila shida, na ukipendwa sana hupita kumi. Kilo nane mara miti 420 ni 3,360. Kwa bei ile ile ya 88, bila mnada kupanda hata senti, hiyo ni kama shilingi 295,000 badala ya 110,000. Gharama za kuchuma na mbolea zitapanda, ndiyo. Lakini kunyunyizia dawa mti wenye kilo nane ni kazi ile ile ya mti wenye kilo tatu.

Nikikisia kutoka hapa nilipo, miti ya marehemu baba imezeeka juu. Shina lina matawi makavu, kahawa iko kwenye ncha tu, na kibarua anavuta tawi kwa ndoano. Mti wa namna hiyo hauhitaji kung'olewa, unahitaji kuzaliwa upya. Baada ya mavuno makubwa, Januari na Februari kabla ya mvua ndefu, apogoe: aondoe matawi yaliyokufa, apunguze machipukizi, abakize mashina mawili au matatu kwa kila kisiki. Ile iliyochoka kabisa ikatwe chini, lakini kwa mafungu, mistari michache kila mwaka, ili mama asikose kahawa mwaka mzima. Kila mti upate debe la samadi iliyooza. Mbolea ya dukani ije baada ya kupima udongo; udongo wetu mwekundu wa mlimani mara nyingi una asidi, na ukiwa na asidi mbolea unayotupa unalisha magugu. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa iko Ruiru, hapo juu tu kutoka kwenu Kasarani, na wanapima. Mama akija kukusalimu aje na mfuko wa udongo.

SL28 ina ladha ambayo wanunuzi wa dunia nzima wanaitafuta, na imelipa jina la Kenya. Lakini haina ulinzi dhidi ya chulebuni wala kutu ya majani, na dawa ndiyo iliyomlia mama zile pesa. Huko huko Ruiru walitoa aina mpya, Ruiru 11 mwaka 1985 na Batian mwaka 2010, ambazo zinastahimili magonjwa yote mawili. Si lazima ang'oe. Visiki vya SL28 vinaweza kupandikizwa vikonyo, yaani vipande vya chipukizi, vya Batian, mizizi ya baba ikabaki ardhini ikilisha mti mpya, na mavuno yakaanza kurudi mwaka wa pili. Ningeanza na miti 100 iliyo dhaifu kabisa na kuiacha SL28 yenye afya ilivyo. Vikonyo na miche vitoke Ruiru au kwa kitalu chenye leseni, kamwe visinunuliwe kwa mtu wa barabarani.

Na kuchuma. Hapa nakuomba uwe mkali kwa upole. Tunda jekundu tu, linamenywa siku hiyo hiyo. Wakulima kumi wakileta nyekundu na mmoja akamwaga mbichi kwenye sinki lile lile, wote kumi na mmoja wanaonjwa kama mmoja. Mpangilio wa kulipa kibarua ndio unaoamua: ongeza shilingi chache kwa debe safi, kata kwa debe chafu, na mama akae hapo turubai linapotandikwa kuchambua.

Hao ndugu zako wanaotaka parachichi siwapuuzi. Parachichi aina ya Hass imewainua watu Murang'a, na familia yenye ekari tatu ina nafasi ya vyote. Lakini miti 420 ya SL28 kwa nafasi yake ya kawaida inakaa karibu robo tatu ya ekari. Mkiing'oa mtasubiri miaka mitatu minne bila kitu, halafu mtakuwa wageni katika soko ambalo nalo lina madalali wake. Pandeni parachichi chache mpakani kwa sasa, mjifunze.

Kuhusu kuuza kipande mjenge, nitasema la moyoni. Ukishuka Thika Road unapita Kahawa Sukari, Kahawa Wendani, Kahawa West. Majina yamebaki. Kiambu imefanya uamuzi huo kwa maelfu ya ekari, na katika miaka ya mwisho ya themanini Kenya ilikuwa ikitoa karibu tani 130,000 za kahawa kwa mwaka. Leo ni kama tani 40,000 hadi 50,000. Nyumba hazikuwa sababu pekee. Mkataba wa kimataifa uliogawa viwango vya kuuza ulivunjika Julai 1989, bei zikaanguka, vyama vikajaa madeni, na watu wakaacha kupogoa. Mwaka 2001 kahawa ilishuka chini ya nusu dola kwa ratili huko New York. Februari 2025 ratili hiyo hiyo ilipita dola nne. Kuuza shamba bei ikiwa juu kwa sababu ya machungu ya wakati bei ilipokuwa chini ni kuchelewa mara mbili. Na Mathira si Ruiru, mpangaji wa kujaza hizo nyumba atatoka wapi?

Pengine umewaza pia, kwa nini tusikaange wenyewe tuuze hapa Nairobi. Wazo si baya, ila kahawa ya mama mwaka mzima ni magunia matatu na nusu hivi ya kahawa safi, hayatoshi hata kulipia leseni, vifungashio na mtu wa kuzungusha. Hilo ni la chama kizima, na vipo vyama vinavyotenga sehemu ya mavuno yao, vikaikaanga na kuiuza kwa jina lao. Lipendekeze mkutanoni.

Mwulize mama tarehe ya mkutano mkuu. Omba ruhusa kazini siku hiyo, panda matatu, ukae naye kwenye kiti cha mbele. Ninyi wa Nairobi mmezoea kusoma taarifa za hesabu. Wazee wetu wanasomewa tu, tena haraka. Wakifika kwenye ukurasa wa uzalishaji, inua mkono uulize lile swali la kilo. Wakikujibu kilo 7, uliza mwaka uliotangulia ilikuwa ngapi, na kiwanda cha jirani kimepata ngapi, kisha nyamaza usikilize watakavyotazamana. Majibu watakayokupa niandikie, nitayapitia nawe mstari kwa mstari.